Aleji ya macho kwa watoto: chunga kichupa kinachofanya kazi haraka

Wazazi wengi wanaotuletea watoto wenye macho mekundu ya muda mrefu hapa Moshi huja na kichupa mkononi. Kimeandikwa deksamethasoni, au jina la biashara ambalo ndani yake mna deksamethasoni na antibiotiki. Mama atasema, "Hii ndiyo inayomkubali, daktari. Ikiisha tu, macho yanarudi palepale." Anasema kweli kabisa, na ndiyo maana dawa hiyo inatutia wasiwasi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtoto wa miaka 5 hadi 15, mara nyingi wa kiume, anafikicha macho tangu asubuhi, anakwepa jua, anatoa ute mzito unaovutika kama uzi, na weupe wa macho umeingia rangi ya kahawia. Tukipindua kope la juu tunakuta vinundu vimejipanga. Wengine wana pumu, au pumu ya ngozi. Huu ni mzio, yaani aleji. Si ule ugonjwa wa macho mekundu uliosambaa nchini mwanzoni mwa 2024. Ule ulikuwa wa virusi na uliambukiza. Aleji haiambukizi. Walimu, tunawaomba sana: msimrudishe mtoto huyu nyumbani kila vumbi linapoanza. Mkalisheni mbali na dirisha lenye jua na mruhusuni avae kofia.

Mtoto atakaa na ugonjwa huu miaka. Kiangazi cha Julai hadi Oktoba humzidishia mtoto, na kwa hali ya hewa ya huku chini ya mlima wengine hawapumziki msimu wowote. Wengi hupata nafuu wakishabalehe. Kazi yetu, na yako mzazi, ni kumfikisha huko akiwa na macho mazima.

Hapo ndipo kile kichupa kinapoleta shida. Deksamethasoni na prednisoloni ni steroidi. Hutuliza uvimbe ndani ya siku chache, lakini zikitumika wiki nyingi bila uangalizi zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na kwa watoto inaweza kupanda upesi. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Jicho linaonekana jeupe, mama anafurahi, kumbe mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu, na uono unaanza kupungua pembeni. Ukishakufa, hakuna miwani wala upasuaji wa kuurudisha. Steroidi huweza pia kuleta mtoto wa jicho, ingawa huo angalau unafanyiwa upasuaji.

Sisi wenyewe tunaziandika. Aleji ikipamba moto tunampa mtoto kwa muda mfupi, tunapunguza matone hatua kwa hatua, tunapima presha. Balaa ni kichupa cha pili na cha tatu kinachonunuliwa dukani bila cheti.

Dawa ya kila siku ni nyingine: kromoglikati, kwa kawaida mara 4 kwa siku, au olopatadini mara 2. Kromoglikati huchukua wiki moja hadi mbili kuonyesha matokeo, na wazazi wengi huiacha kabla ya hapo. Huzuia seli za mzio zisimwage kemikali zinazowasha. Zilizokwisha kumwagika haiziondoi. Kwa aleji kali kuna siklosporini na takrolimusi, ambazo hazipandishi presha ya jicho, ila bei yake inauma.

Kufikicha nako hakufai, kwani humwaga kemikali zaidi, na miaka ikipita kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, chaweza kuwa chembamba na kuchongoka. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi ajifunike macho. Maji ya chai, maziwa ya mama, mkojo: hapana.

Mtoto akikataa dawa, usimkabe. Mlaze chali afumbe macho, dondosha tone kwenye kona ya upande wa pua, kisha mwambie afumbue; litaingia lenyewe. Kama kuna dawa mbili, acha dakika 5 katikati. Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya wiki 4, hata kama kimebaki nusu.

Kuna watoto ambao kinyume chake ndicho cha kuogopa: wana magoti au vifundo vilivyovimba kwa wiki kadhaa, macho meupe kabisa, wala hawalalamiki. Aina fulani za baridi yabisi ya watoto huleta uvimbe ndani ya jicho usioonekana bila darubini ya macho. Hao wapimwe macho mara kwa mara, wakilalamika wasilalamike.

Mtoto mwenye aleji akishindwa kabisa kufumbua jicho, akilia maumivu badala ya muwasho, au ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, mpeleke kliniki ya macho siku hiyohiyo, iwe hospitali ya mkoa au hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi. Beba vichupa vyote alivyowahi kutumia, hata vitupu, hata vile ulivyoazima kwa jirani. Hakuna atakayekugombeza, tunataka kusoma lebo tu.