Kuruka loki ya akaunti: maana yake, na ni nani mwenye haki ya kuiruka

Simama karibu na meza ya fundi simu pale Makoroboi, Mwanza, na kabla chai yako haijapoa utasikia mtu akisema, "Fundi, nitolee loki." Anayesema hivyo anaweza kuwa na maana tatu tofauti, na ubishi mwingi kuhusu uhalali wa kazi hiyo unatokana na kuzichanganya.

Kuna loki ya mtandao, ile inayoilazimisha simu itumie laini za kampuni moja tu. Hiyo tuiache. Kuna loki ya kioo: namba, mchoro au alama ya kidole, ambayo kazi yake ni kuzuia mtu asisome meseji zako. Halafu kuna loki ya akaunti, ndiyo ninayoizungumzia. Hii hailindi picha wala meseji, maana inajitokeza baada ya vyote hivyo kufutwa. Mtu ameifuta simu kwa vitufe vya pembeni, imekuwa tupu kama imetoka kwenye boksi, anaiwasha, nayo inamuuliza: akaunti iliyokuwa humu ni ipi, na nywila yake ni nini? Asipojua, ameshika kioo chenye betri.

Apple walianza nayo kwenye iOS 7, Septemba 2013. Google wakafuata na Android 5.1 mwaka 2015, na mafundi wetu huiita ya kwao kwa herufi tatu tu, FRP (Factory Reset Protection, yaani ulinzi baada ya simu kufutwa). Ufanyaji kazi wake unatofautiana. Kwa iPhone jibu linatunzwa kwenye seva za Apple, kwa hiyo simu iliyofutwa ni lazima ipige hodi huko kwanza. Kwa Android alama inabaki ndani ya simu, kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo ufutaji ule wa vitufe hauigusi. Ndiyo sababu fundi yuleyule anapokea Samsung yako bila maneno, kisha anatikisa kichwa ukimpa iPhone mpya.

Kuruka, sasa, ni kuifanya simu iache kuuliza swali lile bila kupewa jibu. Fundi hutafuta kasoro kwenye programu na kupenya hapo. Wakati mwingine kasoro ni kubwa: ile ya checkm8, iliyotangazwa 2019, iko kwenye chipu zenyewe za iPhone 4S hadi iPhone X, na hakuna sasisho linaloweza kuiziba. Hata hivyo nyingi kati ya simu zinazorukwa namna hiyo hubaki nusu hai, hazishiki laini au zinarudi kwenye kufungwa zikizimwa. Anayeuziwa simu ya aina hiyo mtaani kwa bei ya kutupa huwa anayagundua hayo jioni, akiwa ameshafika Igoma.

Kwa nini loki hii iliwekwa? Si kwa ajili ya kumkamata mwizi. Mwizi wa stendi ya Nyegezi hana shida na simu yako, ana shida na noti atakazopata akiiuza. Ukiifanya isiuzike umemnyang'anya mshahara. Waendesha mashtaka wa Marekani walilishikia bango jambo hilo, na mwaka 2014 majimbo ya Minnesota na California yakapitisha sheria za kuwalazimisha watengenezaji waweke njia ya kuifanya simu iliyoibwa isitumike. Februari 2015 waendesha mashtaka hao walitangaza kuwa, katika mwaka mmoja tangu Apple waweke loki, wizi wa iPhone ulikuwa umeshuka kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York. Polisi hawakuwa wameongezeka kwa kiasi hicho. Soko ndilo lililokuwa limeharibika.

Hapo ndipo meza ya fundi inapoingia kwenye hesabu. Loki inategemea kwamba hakuna wa kuitoa. Kila fundi anayeitoa bila kuuliza chochote anairudishia simu ya wizi thamani yake, na wezi wanazifahamu meza hizo kuliko wateja wanavyozifahamu. Kusema "mimi natoa loki tu, sijaiba" ni sawa na mpokeaji wa injini ya boti iliyoibwa kusema yeye anabadilisha plagi tu. Wavuvi wa Mwaloni wanajua uchungu wa injini kuibwa, na sidhani kama yupo atakayempigia makofi.

Ningeweza kuishia hapo kama loki ingekuwa inamjua mwenye mali. Haimjui. Inamjua mwenye nywila, na huku kwetu hao mara nyingi ni watu wawili.

Chukua mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Amenunua simu mpya, kijana wa dukani akamuuliza, "Mama, nikufungulie na akaunti?" Akajibu ndiyo, kama ambavyo angekubali kuwekewa kava. Kijana akaandika jina, akatunga nywila kichwani mwake, akaweka namba yoyote, simu ikawaka, mama akaondoka na WhatsApp yake. Hakuwahi kuijua barua pepe hiyo, na wala hakuwa na haja nayo. Miaka miwili baadaye mjukuu anakosea mchoro wa kioo mara nyingi, mjomba mwenye utaalamu anaifuta kwa vitufe, na simu inaomba nywila ya akaunti ambayo mwenye simu hajawahi kuisikia. Mama huyu hajapoteza kumbukumbu. Funguo hajawahi kupewa.

Kwangu mimi kumtolea loki huyu si wizi wala msaada kwa wizi, ni kumrudishia mtu chake. Swali gumu ni moja: fundi atamtofautishaje na kijana aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, naye ana simu, naye anasema amesahau?

Sura haitoshi, na uzoefu unaonyesha mafundi wengi huishia kuamini mavazi. Kinachosaidia ni vitu vya kushika. Boksi lina IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ambayo inapaswa kulingana na iliyoandikwa kwenye trei ya laini au ndani ya simu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inafaa zaidi. Namba hiyohiyo ukiituma kwa meseji kwenda 15090 unajibiwa ni simu ya aina gani, na jibu likisema Tecno wakati mkononi kuna Samsung, hapo pana neno. Asiye na boksi wala risiti anaweza kuwa mkweli kabisa, ila kuna njia ya kumjaribu bila kumtukana: mwambie aanze kwa kuirudisha laini yake ya zamani, kwa kuwa sasa laini zinasajiliwa kwa alama ya vidole, kisha mjaribu kuirejesha akaunti kupitia namba hiyo. Mwenye mali atalalamika kuhusu foleni. Mwenye simu ya wizi huwa anakumbuka ana safari ya Sengerema.

Kwa iPhone jambo ni jepesi kimaadili hata kama ni gumu kiufundi. Apple wenyewe hupokea maombi ya kuondoa loki kwa anayeonyesha uthibitisho wa ununuzi. Na mara nyingi simu iliyopotea inakuwa na ujumbe juu ya kioo, wenye namba ya mwenyewe, ukisema ipigiwe. Fundi anayeiona namba hiyo akaamua kufungua kompyuta badala ya kupiga hana tena cha kujitetea. Kununua au kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kubadilisha IMEI ili simu isitambulike ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010.

Tahadhari ndogo kwa walioibiwa: wezi nao wameelewa kwamba njia rahisi kuliko zote ni kuipata nywila kwako. Baada ya siku chache utapokea meseji kwamba iPhone yako imeonekana, bonyeza hapa uingie. Ukiingia, umewafungulia mwenyewe.

Simu za mkopo ni jambo jingine linalowekwa kwenye kapu hilihili kimakosa. Pale loki ni ya mkopeshaji, na anayelipa kila siku akikosa siku kadhaa simu inajifunga. Kuna ubaya wake: mwendesha bodaboda aliyefungiwa simu amefungiwa pia wateja wa kumlipia deni hilo. Unaweza kuuona mkataba ni mkali, nami nauona mkali. Ila kuiruka loki hiyo ni kugeuza deni kuwa mali yako, na simu ambayo haijalipwa bado ina mtu mwingine nyuma yake. Fundi makini huwauliza hawa kwanza wanadaiwa kiasi gani.

Simu ya marehemu ndiyo inayonisumbua zaidi. Watoto wanaitaka kwa ajili ya picha za baba, wanampelekea fundi, naye anawatolea loki, maana anajua kufanya hivyo. Simu inafunguka ikiwa tupu. Loki ya akaunti haikuwa imezificha picha, zilishaondoka siku simu ilipofutwa, na kama zipo popote basi ziko kwenye akaunti yenyewe, ambako meza ya Makoroboi haifiki. Fundi anapaswa kuwaambia hayo kabla hajagusa kitufe chochote, hata kama atakosa hela ya siku hiyo.

Na yule mama wa dagaa, akirudi dukani kwa simu nyingine na kuulizwa tena kama afunguliwe akaunti, aombe kalamu kwanza. Barua pepe na nywila zikae kwenye daftari lake la madeni, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wake.