Je, wajua kwa nini programu ya tovuti iliyoandikwa kwa fremuweki mpya, yaani kiunzi cha tayari cha kujengea programu, ni ngumu kuuza?

Mwenye nyumba moja ya wageni huko Shela, Lamu, alinisikiliza nikimwonyesha programu ya kupokea wateja wa vyumba niliyoiandika kwa Node.js, mfumo mpya wa kuendeshea programu za tovuti. Nilimweleza ilivyo nyepesi na jinsi kurasa zinavyofunguka papo hapo. Akanimiminia kahawa, akauliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, ukihamia Nairobi, ni nani hapa atakayeifungua akaitengeneza?"

Ni swali la mtu aliyekulia baharini. Mashine ya boti hununuliwa ile ambayo fundi wa Faza na fundi wa Kizingitini wote wanaijua, maana ikizima katikati ya mkondo, lazima apatikane wa kuiwasha.

Upande wa tovuti, mashine hiyo ni PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoandikwa kwa lugha hiyo na kutolewa mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Zilizokuja baadaye, kama Ruby on Rails mwaka 2004, Node.js mwaka 2009 na React mwaka 2013, zinapendwa sana na sisi tunaoandika programu. Lakini anayelipa ni mwenye nyumba.

Kiini cha jambo kiko kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuituma kwa anayeiomba. Ukurasa wa PHP ukiombwa, seva huchukua faili, huliendesha, hutuma jibu, kisha kazi hiyo hukoma kabisa. Asipokuja mtu, tovuti imelala. Haili kitu ila nafasi kidogo ya diski. Ndiyo maana kampyuta moja inaweza kubeba mamia ya tovuti ndogo, na kila mmoja akalipa kidogo. Programu ya Node.js au Rails kwa kawaida hukaa macho saa zote, imeshika kumbukumbu yake, hata kama hakuna mgeni. Sasa fikiria Shela kati ya Aprili na Juni, kusi linavuma, mvua inanyesha, nyumba nyingine zimefungwa. Kulipia seva ya kukesha msimu huo ni hasara anayoiona kwa macho yake.

Kisha kuna kuisimika programu, yaani kuiweka kwenye seva ianze kazi. WordPress unapakia folda, unajaza nywila ya hifadhidata, unaanza kazi. Fremuweki mpya hudai amri za kuandikwa kwa mkono na vifurushi vya kupakuliwa, tena matoleo yake hayatulii. AngularJS, fremuweki ya Google, ilianza mwaka 2010. Tarehe 31 Desemba 2021 ikaacha kuhudumiwa. Aliyeuza programu iliyojengwa juu yake alibaki na wateja wanaomdai marekebisho.

Laravel, ya mwaka 2011, imejitahidi kukaa katikati: ni fremuweki ya kisasa, lakini kwa kuwa ni PHP, hata seva ya bei nafuu huweza kuibeba. Kwa anayetaka kuuza programu ya kusimikwa na mnunuzi mwenyewe, mimi ningemshauri aanzie hapo.

Soko la fremuweki mpya lipo, ila linapita mlango mwingine. Shopify, huduma ya kufungulia maduka ya mtandaoni, imejengwa kwa Ruby on Rails, na wenye maduka wanaoitumia wengi hawajui hilo wala hawana haja ya kulijua. Hawanunui programu, wanaikodi, na mwenye Shopify ndiye anayekesha na seva.

Nikafanya hivyo hivyo. Programu ile ile iko kwenye seva yangu, inahudumia nyumba kadhaa kwa pamoja, na mzee wa Shela hulipa kwa M-Pesa kila mwezi, nusu bei wakati wa kusi. Kabla hajakubali aliomba kitu kimoja: kitufe cha kushusha majina, tarehe na malipo ya wageni wake wote katika faili la Excel. Hukibonyeza kila Ijumaa baada ya sala, akalihifadhi faili kwenye flashi yake mwenyewe.