Madoa usoni: usiisingizie simu
Wengi huamini mwanga wa bluu wa simu ndio unaoleta madoa usoni. Ni kweli mwanga huo, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 500, huweza kuchochea seli zinazotengeneza rangi, hasa kwenye ngozi nyeusi. Ila chanzo kikubwa ni jua. Kioo cha simu hutoa kiasi kidogo mno ukilinganisha na jua la saa sita mchana pale Nzuguni, Dodoma. Krimu za “kukinga mwanga wa simu” ni kupoteza hela.

Losheni nyeupe ya jua huzuia zaidi miale ya urujuanimno (UV, miale ya jua isiyoonekana); mwanga wa bluu hupenya. Chagua yenye rangi ya kahawia itokanayo na oksidi ya chuma, SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Kamulia mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kila mmoja urefu wa kidole, kwa uso na shingo. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa juani. Losheni hiyo itachafua kola, iache ikauke kwanza kabla ya kuvaa.