Ukitaka kazi ya wanyamapori, jifunze kuhesabu

Barua nyingi za kuomba kazi za uhifadhi huanza na sentensi ileile: napenda wanyama tangu nikiwa mdogo. Anayezisoma hana ugomvi na mapenzi hayo, ila hayamsaidii kuchagua, kwa kuwa waombaji wote wanayo. Anamtafuta mtu wa kwenda porini wiki tatu na kurudi na takwimu zinazoaminika: tarehe sahihi, mahali sahihi, idadi isiyokisiwa. Ndiyo maana nikiulizwa mtu aanzie wapi, simpeleki kwa simba wala tembo. Nampeleka kwenye daftari.

Tuondoe kwanza picha moja. Wengi wakisema "kazi ya wanyamapori" wanafikiria kuwashika. Katika uhifadhi, kumgusa mnyama wa porini ni nadra, na mara nyingi ni dalili kwamba mambo yamekwenda kombo: ana waya shingoni, amevamia makazi ya watu, au inabidi ahamishwe. Wanaowagusa kila siku ni watunzaji wa bustani za wanyama na wa vituo vya majeruhi na yatima. Hata hao, sehemu kubwa ya siku yao ni kuzoa kinyesi, kupima chakula kwa mizani na kuandika nani amekula na nani amesusa. Mnyama wa porini huficha ugonjwa mpaka azidiwe, na chakula kilichobaki kwenye chombo husema kabla yake. Wala kazi hiyo si ndogo. Choroa wa Uarabuni alitoweka porini mwaka 1972. Waliorudishwa jangwani Oman mwaka 1982 walitokana na kundi lililotunzwa na watu, ambao waliandika kwa uangalifu nani kazaa na nani ili ndugu wasizaliane.

Zaidi ya hao kuna askari wa doria, wanaikolojia, madaktari wa wanyama, maofisa wa jamii, wanasheria, wachora ramani, wahasibu, na waandishi wa maandiko ya kuomba fedha. Hao wa mwisho hawapigwi picha, lakini mradi usio na andiko zuri hauna mafuta ya gari.

Kuhesabu wasiojipanga

Chui hawapangi mstari. Mbinu ya zamani ya kuwahesabu viumbe wasioonekana wote kwa pamoja ni kukamata, kutia alama, kuachia, kisha kukamata tena. Tuseme umetia alama kobe 40. Baada ya muda unakamata 50, na kati yao 10 wana alama. Kumi katika hamsini ni moja ya tano, kwa hiyo wale 40 wa mwanzo nao ni kama moja ya tano ya wote: jumla inakadiriwa kuwa 200. Sampuli ikiwa ndogo hutumika marekebisho ya Chapman, yaani kila idadi inaongezwa moja, unazidisha 41 kwa 51, unagawanya kwa 11, unatoa moja. Inabaki 189.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko kwenye masharti. Kati ya ukamataji wa kwanza na wa pili asizaliwe, asife, asiingie wala asitoke yeyote, alama zisidondoke, na walioshikwa mara ya kwanza wasiwe rahisi wala wagumu kushikwa kuliko wenzao. Panya aliyekuta karanga mtegoni kesho anarudi kwa hiari yake. Wenye alama watajazana kwenye sampuli ya pili, na makadirio yako yatakuwa madogo kuliko ukweli. Aliyepata hofu ataukwepa mtego, na makadirio yatapanda. Mtu anayeweza kueleza hilo kwenye usaili bila kutazama karatasi ameshawaacha wengi nyuma.

Kwa chui na chui milia, alama iko ngozini tayari. Mpangilio wa madoa au milia ya kila mmoja ni wake peke yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Kwa hiyo hufungwa kamera mbili za kujipiga zenyewe, moja kila upande wa njia, zikipishana kidogo ili mwanga wa moja usiingie kwenye lenzi ya nyingine. Urefu unaofaa ni kama sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita mbili mpaka nne kutoka njia, na lenzi isielekee mashariki wala magharibi. Kihisio cha kamera hizi hakioni mnyama. Kinahisi joto linalosogea. Nyasi iliyopigwa jua kisha ikapeperushwa na upepo yatosha kuichokoza, na ukiacha fungu moja tu la majani mbele ya lenzi utarudi kuchukua kadi iliyojaa maelfu ya picha za majani. Kata nyasi hadi chini. Kisha pita mbele ya kamera kwa kutambaa, si kwa kutembea wima, kwa sababu unayemtafuta naye yuko chini.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni la saa. Betri zikiisha, kamera nyingine hurudisha tarehe mwanzo wake wa kiwandani, na anayebadilisha betri kwa haraka haangalii. Miezi miwili ya picha inabaki bila siku wala saa ya kweli, na bila hivyo huwezi kusema mnyama yuleyule alipita vituo viwili usiku mmoja. Dawa yake ni rahisi: kila unapofunga na kila unapofungua kamera, isogezee skrini ya GPS yako ipigwe picha ikionyesha tarehe na saa, pamoja na kibao cha namba ya kituo. Saa ikija kugundulika imekosea, unajua tofauti na unaisahihisha.

Wanyama wanaoonekana mchana, kama swala, huhesabiwa kwa kutembea kwenye mstari ulionyooka na kupima kila kundi liko mbali kiasi gani na mstari huo. Wanaoanza hupima umbali kutoka walipo wao hadi kwa mnyama, wakasahau pembe. Kundi lililo mita 80 mbele yako kwa pembe ya digrii 30 liko mita 40 tu kutoka kwenye mstari, na hiyo 40 ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Wengine hukadiria kwa macho, na daftari linajaa 50, 100, 150, kana kwamba swala husimama kwenye namba zinazoishia na sifuri. Nunua au azima kipima umbali cha leza. Na mstari usiwe barabara: kuna wanyama wanaoikimbia na wanaoifuata, na wote wanakudanganya. Kwa kawaida hutafutwa makundi yasiyopungua 60 mpaka 80 kabla ya kuiamini hesabu, kwa hiyo jiandae kutembea.

Doria nayo ni takwimu

Askari wa doria anahitaji miguu, nidhamu, huduma ya kwanza na uwezo wa kusoma ramani. Ni kazi ya hatari. Julai 31 kila mwaka ni siku yao duniani, na sehemu ya siku hiyo ni kuwakumbuka waliouawa kazini. Ila kinachowatenganisha askari wawili wenye miguu sawa ni kumbukumbu wanazorudi nazo. Chukua mfano: mwezi uliopita ilipatikana mitego 15 ya nyaya, mwezi huu 30. Je, ujangili umeongezeka mara mbili? Kama mwezi uliopita walitembea kilomita 150 na mwezi huu 300, hakuna kilichobadilika: ni mtego mmoja kila kilomita kumi. Askari anayezima GPS ili kuokoa betri anafuta nusu ya hesabu hiyo.

Halafu kuna mahakama. Mtego hupigwa picha kabla haujaguswa, mahali pake huandikwa, na kila mkono unaoupokea hutia saini. Pakikosekana saini moja, wakili wa utetezi atauliza kielelezo kilikuwa wapi siku hizo mbili, na kesi itaishia hapo.

Daktari wa wanyamapori

Njia ni ndefu: shahada ya udaktari wa mifugo kwanza, kisha miaka ya mbwa, mbuzi na ng'ombe. Usiidharau hiyo miaka. Aliyewalaza usingizi mbwa mia tatu anajua pumzi inayoanza kwenda vibaya kabla mashine haijalia.

Porini mambo ni magumu zaidi. Etofini, dawa inayotumika kuwalaza wanyama wakubwa, inaweza kumuua binadamu kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo hakuna anayeishika akiwa peke yake, na dawa ya kumrudisha mtu huandaliwa kabla sindano haijajazwa. Mnyama akikimbizwa muda mrefu joto hupanda na misuli huanza kuharibika; anaweza kuamka, akaondoka kwa miguu yake, akafa siku kadhaa baadaye bila yeyote kuona. Joto likipita digrii 41, kazi iliyowaleta inaachwa, anamwagiwa maji au anaamshwa. Wanaocheua hulazwa kwa kifua, kichwa kikiwa juu ya tumbo, ili kilichomo tumboni kisiingie mapafuni. Twiga ana utaratibu wake: akianguka tu anapewa dawa ya kumwamsha, na kazi iliyobaki inafanywa kwa kitambaa cha macho, kamba na watu wengi.

Hata hivyo, mchango mkubwa wa madaktari hawa unaweza kutoka maabara. Miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistan na Nepal walianza kutoweka. Wengi walidhani ni virusi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe: tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo, figo zake hufa. Nchi hizo tatu zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu ikapendekezwa badala yake. Hakuna risasi wala doria ingeligundua hilo.

Kuhusu ofisa wa jamii nitasema machache, ingawa naiona ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tembo akila shamba usiku, mkulima anataka kumwona mtu asubuhi, si barua wiki ijayo. Uzio wa mizinga ya nyuki, inayoning'inizwa kila mita kumi kwenye waya mmoja, hufanya kazi pale mizinga ina nyuki na waya umekazwa. Waya ukilegea, tembo akiugusa mizinga haitikisiki, na nyuki wanaendelea na shughuli zao.

Kabla ya kusaini

Soma ikolojia, ndiyo, lakini usiikimbie takwimu. R, ya takwimu, na QGIS, ya ramani, ni programu za bure, na anayezijua vizuri hupata kazi hata kwenye taasisi ambazo hazikutangaza nafasi. Jua madaraja ya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayoonyesha kila spishi iko hatarini kiasi gani, na ujue kwamba spishi iliyoandikwa haina taarifa za kutosha haijasemwa iko salama. Leseni ya udereva na chanjo ya kichaa cha mbwa zitakusaidia kuliko cheti cha semina.

Nafasi nyingi hutegemea ruzuku ya mwaka mmoja hadi mitatu. Uliza ruzuku inaisha lini, nani anakata bima, na majina ya nani yatakuwa kwenye ripoti. Ukiombwa ulipe ili ujitolee, uliza fedha zinakwenda wapi na utafundishwa nini. Na kama tangazo lina picha ya wageni wakinyonyesha watoto wa simba kwa chupa, uliza swali moja: wakikua wanapelekwa wapi? Simba aliyezoea mikono ya watu haachiliwi porini.

Wakati unasubiri majibu, chagua njia ya kilomita moja, itembee kila wiki saa ileile kwa mwendo uleule, uandike kila ndege uliyemtambua, umbali wake, mawingu na upepo. Siku ambayo hukuona kitu, andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na sifuri.