Kapero, mnada na jua la saa sita na nusu

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Semina kwenye usharika mmoja huku juu ya mji wa Moshi, wageni wa usharika rafiki kutoka Marekani wamekaa mbele, mzee mmoja wa kanisa akainuka kuwajibu: "Ndugu zetu, ubaguzi wa rangi ni shida ya kwenu, tunawaombea. Sisi huku, kwa neema ya Mungu, hatuna." Makofi. Mimi nimekaa dirishani. Nje, watoto wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi uwanjani, na kati yao yupo binti wa miaka kama tisa mwenye ualbino. Ilikuwa saa sita kasoro. Kichwani ana kapero nyekundu yenye jina la usharika, masikio yote mawili yako juani.

Mimi ni mtu wa tiba ya ngozi. Kazi yangu ni kliniki, na kliniki tembezi zinazofanyika makanisani na misikitini, kwa sababu huko ndiko watu wanakokuja bila kuitwa mara tatu. Nimeshachoka kusikia "sisi hatuna". Kila anayesema hivyo anawaza chuki. Anatafuta mtu mbaya, hamwoni, anafunga hesabu.

Kumbe aliyekuwa ametangulia kuongea, muuguzi mstaafu katika wale wageni, alikuwa ameshajibu hoja ya mzee kabla haijatoka. Aliongelea kile kipimo cha kubana kidoleni cha oksijeni. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma kinachotokea upande wa pili, na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inauvuruga usomaji huo. Utafiti wa Michigan uliotoka Desemba 2020 uliwachukua wagonjwa ambao kipimo kilisema oksijeni yao iko asilimia 92 hadi 96, yaani salama, ukalinganisha na oksijeni iliyopimwa kwenye damu yenyewe ya ateri. Waliokuwa kweli chini ya 88, yaani oksijeni imepungua na kifaa hakikuona, walikuwa asilimia 3.6 kwa Weupe na 11.7 kwa Weusi. Hapo hakuna mhandisi aliyemchukia mtu. Kifaa kilijaribiwa zaidi kwenye vidole vyeupe, basi. Na kipimo cha namna hiyo ndicho tunachobana nacho vidole vyetu Kilimanjaro hii, sijui ni vidole vya rangi gani tunavyodhani tunavyo.

Sasa rudi kwenye uwanja wa kanisa.

Mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka unaujua. Ibada ya pili inatoka saa tano na kitu, watu wanamwagika nje, mzee wa mnada anapanda kwenye kiti na kuku mkononi: elfu nane, elfu nane mara ya kwanza. Halafu mkungu wa ndizi, trei ya mayai, miwa. Watoto hawaendi popote kabla mama hajamaliza kushindana bei ya yule kuku. Kwa longitudo yetu jua halifiki utosini saa sita kamili, linafika karibu saa sita na nusu. Maana yake mnada unaanza jua likipanda na kuisha likiwa kileleni. Mara hamsini kwa mwaka. Mtoto akianza kupelekwa kanisani mgongoni mwa mama, piga hesabu mwenyewe hadi afike kipaimara.

Ni nani alipanga saa hiyo? Watu ambao ngozi yao inaivumilia. Hawakuwa na kinyongo na mtoto yeyote. Ndivyo na wale wa kipimo cha kidole.

Haya mengine niyapitie haraka maana yameshasemwa sana. Ualbino unarithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo acheni kumuuliza mama alikuwa na nani. Ualbino hauui. Kinachoua mapema ni saratani ya ngozi ambayo tungeweza kuizuia, na kwa watu wetu ni ile ya seli bapa, inayoanzia tabaka la juu la ngozi, mara nyingi zaidi. Na neno "zeruzeru" liache.

Baridi ya Marangu na Kibosho isikudanganye. Joto na mionzi inayochoma ngozi ni vitu viwili. Ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kwa takriban asilimia 10, na wingu jepesi linapitisha sehemu kubwa. Nimewaona watoto wa mlimani wakija na sweta na mashavu yaliyoungua kwa wakati mmoja.

Ila kapero. Hapa naomba nikae kidogo. Kila mwaka Juni 13 inapokaribia, siku ya kimataifa ya ualbino, napigiwa simu: "Daktari, tumepata kofia mia." Nauliza kofia gani. Kimya, halafu "za kisasa". Ni kapero. Kapero inafunika paji la uso na pua kidogo, inaacha masikio, mashavu ya pembeni na shingo ya nyuma. Ukitaka kujua ubaya wake, pitisha kidole juu ya sikio la kijana wa miaka kumi na nane aliyevaa kapero utoto wake wote. Utavihisi kabla hujaviona: vipele vikavu, vinakwaruza kama msasa. Hivyo tunavigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, vinabanduka, tunapanga tarehe nyingine. Vikiachwa, baadhi vinageuka kidonda kisichopona. Kofia ni yenye ukingo mpana kuzunguka kote, ile ya mkulima wa mpunga. Haina nafasi nzuri ya kuandika jina la usharika, nadhani ndiyo shida.

Losheni ya jua nayo naigawa, tena tuna bahati: Kilisun inatengenezwa hapa hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ila niseme jambo ambalo kwenye semina huwa silisemi. Jaribio kubwa tunalolitegemea kusema losheni ya kila siku inapunguza saratani ya seli bapa, kwa karibu asilimia 40, lilifanyika Nambour, Australia, miaka ya tisini, kwa watu weupe wa kawaida. Walikuwa na melanini, hata kama kidogo. Nikimwambia mama wa Himo "paka, itamlinda", nakopa ushahidi wa ngozi ya mtu mwingine. Naamini inamlinda. Kwa kiasi gani, sina namba. Ndiyo maana naanza na kivuli, nguo ya mikono mirefu na saa za kukaa nje, halafu losheni.

Saa ndiyo kitu ambacho nyumba ya ibada inaweza kutoa na hospitali haiwezi. Ustaadh mmoja hapa mjini nilimweleza mara moja tu. Akasema "hilo dogo", madrasa ya Jumamosi ikahamia baada ya alasiri. Makanisani tumechukua muda zaidi. Nilipopendekeza mnada uingie ndani, nilikumbushwa Yesu na zile meza za wavunja fedha. Nikapendekeza watoto wenye ualbino wakae chini ya turubai, na hapo mama mmoja akanivuta pembeni: "Daktari, unataka wamwone peke yake kule kama mgonjwa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijui mstari uko wapi kati ya kumkinga mtoto na kumtenga. Tulichokubaliana ni kwamba turubai liwe la wote, mnada mzima uwe chini yake.

Jumapili nimeenda kuangalia. Turubai lipo, kubwa, la bluu, limefungwa vizuri. Mzee wa mnada amesimama nje yake hatua kama sita, anasema ndani sauti haitoki, na watoto wote wamemfuata huko kumwangalia kuku.