Amekula? Sawa, Ametaga?

Swali limerudi tena, na ni lilelile: wadudu-kibibi tunaowafuga ili tuwaachilie wakawinde wadudu waharibifu wanakula vizuri, wanapendeza, lakini kizazi cha pili hakionekani, je, joto la chumba lipandishwe? Acha joto lilivyo. Niambie unawalisha nini. Hapo jibu huwa neno moja, "vidukari", kana kwamba vidukari wote ni ndugu wa tumbo moja.

Mchukue kidukari wa kabichi, Brevicoryne brassicae. Anafyonza glukosinolati, kemikali za kujikinga, kutoka kwenye mmea na kuzihifadhi mwilini, na kimeng'enya cha kuzivunja anakitengeneza mwenyewe na kukiweka kando, ndani ya misuli. Akitafunwa, viwili hivyo vinakutana na ukali wa haradali unafumuka papo hapo mdomoni mwa mlaji. Lava (watoto) wa Adalia bipunctata wakilishwa huyo wanakufa. Lava wa Coccinella septempunctata wanakua. Wote ni wadudu-kibibi, wote wekundu wenye madoa, na kwenye mabango ya mafunzo wamepangwa pamoja chini ya maneno "hula vidukari". Bango hilo limeua mbuai wengi kuliko njaa.

Kinachoniudhi hasa ni hoja ya "lakini nimemwona akimla". Megoura viciae, kidukari mwingine, ni sumu kwa Adalia, na lava wala hamkatai: anamla, kisha anakufa. Kukubali windo si ushahidi wa chochote. Ivo Hodek, mtafiti wa wadudu-kibibi, alishatutenganishia zamani chakula kinachomwezesha mbuai kukua na kuzaa, na kile kinachomshikilia hai tu asife. Kwa hiyo usiniletee hesabu ya vidukari walioliwa. Niletee uzito wa mbuai anayetoka kwenye pupa, siku alizokaa kabla ya yai la kwanza, na asilimia ya mayai yaliyoangua.

Rodolia cardinalis, mdudu-kibibi mwingine, sitakaa naye sana. Ndiye aliyepelekwa California kutoka Australia mwaka 1888 kupambana na Icerya purchasi, mdudu-gamba wa michungwa. Mfuge kwa Icerya au achana naye.

Cryptolaemus montrouzieri, naye mdudu-kibibi, ndiye anayestahili muda wetu. Kwa kawaida anafugwa kwa vidung'ata (wadudu wafyonzaji wenye nta nyeupe), Planococcus citri, waliooteshwa juu ya machipukizi ya viazi au juu ya maboga. Kazi ni chafu na inanata, kwa hiyo mtu hujiuliza: kwa nini nisimpe mayai ya nondo wa unga, Ephestia kuehniella? Mpe. Lava watakula, watakuwa pupa, wazima watatoka. Halafu jike atazunguka kwenye kopo na mayai yake tumboni. Yeye hutaga ndani ya zile nyuzi nyeupe za nta ambazo kidung'ata hufunikia mayai yake, na kwenye kopo safi hakuna nta. Weka kishada cha pamba ya poliesta, kisha kesho yake kichambue taratibu kwa brashi: mayai ya manjano yamejificha humo. Ungekuwa umeshambadilishia chakula mara kadhaa bure. (Ukiona kitu chenye manyoya meupe kikitembea kati ya vidung'ata, tafadhali usikiponde. Ndiye lava wa Cryptolaemus.)

Mayai ya Ephestia yenyewe ni mawindo mazuri kwa mbuai wengi, kunguni mbuai Orius na lava wa Chrysoperla, mdudu wa mabawa ya wavu, wakiwemo, ilimradi uyaue kwanza kwa kugandisha au kwa mionzi ya urujuanimno. Usipofanya hivyo utafuga viwavi.

Vitabu hupita hapa harakaharaka, lakini mimi bado sijatulia. Yai halikimbii, halipigi teke, halitoi umande wa sukari. Kundi lililokaa vizazi vingi likila kitu kisichosogea linanitia wasiwasi siku ya kuachiliwa, hata kama mayai yake yanaangua vizuri. Mimi hulirudisha kwenye vidukari hai kwa kizazi kimoja kabla ya kulitoa. Kama inasaidia au inanituliza roho tu, siwezi kuapa.

Na ninyi mnaowawekea Chrysoperla carnea wazima vidukari kisha mnalalamika hawagusi: wazima wa spishi hiyo hawawindi. Wanataka chavua, nekta na umande wa vidukari. Chumbani wape hamira iliyochanganywa na asali. Wenye meno ni watoto wao, na hao wakikosa windo wanalana, kwa hiyo kila mmoja akae kwenye kijumba chake.