Weka raba chini, tarehe ya kwenye kava siyo siku komiki ilipotoka

Jumamosi iliyopita kaja kijana mmoja wa nyumbani kwenye meza yangu ya kuuza komiki za zamani hapa Columbus, Ohio, shikamoo yake safi kabisa, mkononi kashika Detective Comics ya Oktoba 1944 ndani ya mfuko wa plastiki. Anko, anasema, nimeipata kwa mzee mmoja anahama nyumba, ilikuwa chafu kidogo, mtu alikuwa kaandika kwa penseli hapa juu, 8-19, yani Agosti 19, nikaisafisha, af hata huyo aliyeandika alikosea maana komiki yenyewe ni ya mwezi wa kumi.

Kaisafisha. Kwa raba. Raba ya shule, ile ya pinki.

Nikaitoa kwenye plastiki nikailaza chini ya taa, nikashusha taa mwanga uje kwa ubavu. Ukiiangalia kwa juu huoni kitu, ila mwanga ukija kwa ubavu kava zima linameremeta isipokuwa pale, pana kiraka kikavu ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mng'ao umeondoka, na rangi ya manjano imekuwa nyembamba mpaka weupe wa karatasi unachungulia. Na mwandiko wala haujaisha, maana yule bwana wa 1944 alikuwa anakandamiza penseli, mfereji wa ile 9 bado unaonekana. Yani rangi kaipoteza na penseli hajaimaliza.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Wa nne! Na wote hoja yao moja: tarehe ya penseli hailingani na tarehe iliyochapwa, kwa hiyo ya penseli ni uchafu au makosa. Hapana jamani. Ile iliyochapwa ndo inayokudanganya, ya penseli ndo shahidi wako, na wewe umemkaba shahidi kwa raba.

Chukua pakiti ya maziwa. Tarehe iliyogongwa pale siyo siku ng'ombe alipokamwa, ni siku mwenye duka anatakiwa aitoe kwenye friji. Kava la komiki ya zamani ni hivyohivyo. Ule mwezi mdogo juu pale, karibu na namba na bei, haukuandikiwa mtoto mwenye senti kumi mkononi, uliandikiwa muuza magazeti: ukifika mwezi huu hii itoe, panga mpya, zisizouzwa turudishie tukupunguzie deni. Mchapishaji naye hataki mali yake iondolewe mapema, kwa hiyo anausogeza mwezi mbele, kawaida miwili, saa nyingine mitatu, na jirani yake akisogeza na yeye anasogeza, maana kibandani gazeti linaloonekana la zamani ndo linatolewa kwanza.

Na kurudisha kwenyewe walikuwa hawarudishi gazeti zima, nani abebe mzigo wote huo. Muuzaji anakata sehemu ya juu ya kava, yenye jina na mwezi, anatuma hiyo kama ushahidi, iliyobaki anatakiwa aiharibu. Anatakiwa. Ukikuta komiki ya miaka ya 50 theluthi ya juu ya kava imekatwa kwa mstari ulionyooka, usimsingizie mtoto mtundu, huyo ni muuza magazeti kala mara mbili, karudishiwa deni lake na bado kaiuza kwa senti tano. Mi ninazo kadhaa na siziuzi, nazipenda kuliko nzima nyingi nilizonazo.

Sasa mtu ananiambia sawa anko, miezi miwili mitatu, ndo nini? Ndo kila kitu bwana.

Angalia Captain America Comics namba 1. Kava unalijua hata kama hujawahi kushika komiki, mtu kavaa bendera ya Marekani kamtandika Hitler ngumi ya taya, Wanazi wanampiga risasi kila upande. Limeandikwa Machi 1941. Kila mwaka naona mtu anaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba Machi 1941 Marekani ilikuwa imeshaanza kuegemea upande wa Uingereza, Rais Roosevelt kasaini ile sheria ya kuwapa silaha tarehe 11 mwezi huohuo, kwa hiyo hawa wachoraji walifuata upepo. Maelezo matamu, shida yake komiki iliingia madukani tarehe 20 Desemba 1940. Hotuba ya Roosevelt ya kuiita Marekani ghala la silaha la demokrasia ilikuwa tarehe 29 Desemba, siku tisa baadaye! Na kava halichorwi leo likauzwa kesho, kuna kuchora, kupaka rangi, kiwanda, treni, kwa hiyo Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili wa Kiyahudi, walikuwa wanamchora Hitler anapigwa ngumi wakati nchi yao haipo vitani na watu wengi tu hawataki iwepo. Bandari ya Pearl Harbor ilishambuliwa na Japani, Marekani ikaingia vitani, Desemba 1941, karibu mwaka mzima mbele. Simon mwenyewe alisimulia walivyotishiwa mpaka meya wa New York, LaGuardia, akapiga simu kuwaambia mji utawalinda. Unatishiwa hivyo kwa kufuata upepo? Ukisoma mwezi wa kwenye kava kama siku ya kuzaliwa unawanyang'anya hawa watu ujasiri wao, na hiyo ndo inayoniuma kuliko hata rangi iliyobanduka.

Inadanganya na kwa upande wa pili. Kava lenye Februari 1942 halafu lina askari na bendera, watu wanasema hili ni jibu la Pearl Harbor. Haiwezekani, likiwa dukani Desemba basi lilichorwa wiki nyingi kabla bomu la kwanza halijaanguka. Majibu ya Pearl Harbor unaanza kuyaona kwenye kava za mbele zaidi, kama Superman namba 17 ya Julai-Agosti 1942, kawanyanyua Hitler na Hirohito, mfalme wa Japani, kama paka wawili.

Na Superman mwenyewe. Action Comics namba 1 imeandikwa Juni 1938, tarehe yake inayotambulika ya kutoka ni 18 Aprili. Umeshawahi kujiuliza kwa nini namba 2 mpaka 6 Superman hayupo kwenye kava? Mtu aliyeanzisha biashara nzima ya supahiro, akanyanyua gari la kijani siku ya kwanza, af wakamtoa, akarudi namba 7 ya Desemba 1938. Watu wanasema wachapishaji hawakumwamini, na inawezekana ni kweli, ila mi naona sababu kubwa ni hiyohiyo ya kurudisha zisizouzwa. Huwezi kujua umeuza ngapi mpaka vipande vya kava virudi, na vipande havirudi mpaka muda wa kukaa kibandani uishe, ukija kuhesabu wewe uko tayari namba ya tano iko kiwandani. Walikuwa wanaendesha gari wakiangalia kioo cha nyuma.

Kama bado unaona ni ushamba wa wakusanyaji, mwambie jaji. Mwaka 2008 kule California, kesi ya warithi wa Jerry Siegel, mmoja wa wale wawili waliomtunga Superman, kudai sehemu ya haki zake. Sheria ilikuwa inawaruhusu kurudisha haki za kazi iliyotoka kuanzia 16 Aprili 1938 tu, ya kabla ya hapo haimo. Action Comics ya tarehe 18, imo, kwa siku mbili. Lakini tangazo lake, picha ya lile kava kwa rangi nyeusi na nyeupe, lilikuwa limeshachapwa ndani ya komiki nyingine za kampuni ileile, zimeandikwa Mei 1938, na mahakama ikaona zilitoka mwanzoni mwa Aprili. Tangazo likabaki nje. Picha ni ileile, gari lilelile, siku chache tu. Sasa hao mawakili wangeenda na mwezi wa kwenye kava si wangechekwa.

Nyingine haraka haraka, maana hizi hazinichoshi: Fantastic Four namba 1 imeandikwa Novemba 1961, ilikuwa vibandani Agosti. Amazing Fantasy 15, ile ya Spider-Man wa kwanza, Agosti 1962, ilitoka Juni. Superman namba 1 haina hata mwezi, imeandikwa kiangazi 1939 basi. Marvel Comics namba 1 ndo kiboko, nakala za kwanza ni Oktoba 1939, walipochapa tena wakagonga duara jeusi juu ya ule mwezi wakaandika Novemba, sasa kuna watu wanaliona lile duara wanadhani ni doa la wino. Msiniletee raba na hapo pia tafadhali.

Turudi kwenye penseli. Mzigo ulikuja umefungwa kwa bando, muuzaji anafungua, anachukua penseli anaandika siku mzigo ulipofika, ili baadaye ajue kipi kimekaa muda gani. Wengine waliandika kila nakala, wengine ya juu tu, wengine walikuwa na muhuri. Haya ni maandishi ya kazini, ya haraka, mara nyingi yapo juu karibu na jina la komiki, na ukishazoea unaanza kuwatambua watu, huyu 7 yake ina mkia, huyu anaweka mstari wa mkwaju katikati ya namba, huyu anakandamiza kama ana ugomvi na mtu. Ukipata nakala kumi kutoka nyumba moja zote mwandiko mmoja, umejua mtoto alikuwa na kibanda chake kimoja. Komiki za Edgar Church wa Denver, ule mzigo wa maelfu uliopatikana 1977, mpaka leo herufi za penseli kwenye kava zinasaidia watu kutambua nakala imetoka kwake. Wapimaji wa kulipwa, wale wanaoipa komiki alama ya hali yake, nao hawapunguzi alama sana kwa tarehe ndogo ya penseli. Kovu la raba je? Hilo wanalihesabu vizuri sana.

Sasa mnisikilize na hapa, maana mtadhani penseli ni msahafu. Tarehe ya penseli ni siku mzigo ulipofika kwenye kibanda kile, siyo nchi nzima. Kibanda cha karibu na stesheni kinapata leo, cha mji mdogo kinapata keshokutwa, na muuzaji akiumwa mzigo unakaa umefungwa. Saa nyingine ile namba siyo tarehe kabisa, ni bei, au rafu, au namba ya mteja aliyewekewa. Na hata tarehe tunazozisema kwa mbwembwe, kama hiyo 18 Aprili, nyingi zinatokana na kumbukumbu za usajili wa hakimiliki, ambazo zilijazwa na karani wa mchapishaji, na karani anajaza siku iliyopangwa, hakusimama kibandani kuangalia lori. Ndo maana nakala tatu zenye penseli kutoka miji mitatu nazithamini kuliko fomu moja yenye muhuri. Lakini nakala tatu hizo utazipata wapi kama kila mtu ana raba?

Na mimi si malaika. Mwaka wangu wa pili kwenye hii biashara niliuza komiki ya Januari yenye penseli 11/8, nikamwandikia mteja maelezo marefu matamu kwamba ilifika tarehe 11 Agosti, miezi mitano kabla, maajabu haya, nakala ya mapema kupita zote. Mmarekani anaanza na mwezi. Ilikuwa Novemba nane, kawaida kabisa kama ugali. Mteja alinijibu mstari mmoja tu, akaweka na kikatuni cha kucheka. Nimekulia Tanga, tarehe kwangu ni siku, mwezi, mwaka, na mpaka leo nikiona namba zote mbili ziko chini ya 13 nasimama kwanza navuta pumzi.

Kuna kitu kingine ambacho sijui niwashauri vipi, kalamu ya wino. Tarehe ya wino mwekundu iliyogongwa katikati ya uso wa Batman, ushahidi ni uleule, lakini ukiitundika ukutani inaudhi, siwezi kudanganya. Ninayo moja. Wiki hii naona inapendeza, wiki ijayo nageuzia ukutani. Sijawahi kujaribu kuifuta ila nimeshawahi kuiota.

Kwa hiyo yule kijana. Nilimweleza yote haya, kwa upole kuliko nilivyoandika hapa, nikamwambia thamani imeshuka kidogo ila komiki bado nzuri, ile 8-19 aiandike kwenye karatasi aiweke ndani ya plastiki pamoja nayo, na apige picha ule mfereji kabla haujalainika. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Af akaniuliza, anko, si naikumbuka vizuri ilivyokaa, nikiirudishia tu kwa penseli palepale juu ya mfereji?

Nikamwomba anionyeshe begi lake. Penseli ilikuwepo.